Machujio yanayojisafisha: yanafanyaje kazi, na uchafu unakwenda wapi?

Leo tuweke kando siasa na mpira. Tuongee kuhusu chujio.

Chujio la chai kila mtu analijua. Unamimina, majani yanabaki juu, chai inashuka. Ukimimina vikombe kumi bila kulikung'uta, majani yanajazana, chai inapita kwa taabu, mwisho inamwagika pembeni pamoja na majani yake. Hapo unalikung'uta, unalisuuza, unaendelea. Hiyo kazi ndogo ya kukung'uta na kusuuza ndiyo mada ya leo. Maana nani atakung'uta chujio la mtambo wa maji unaolisha mji wa watu milioni? Nani atateremka kila nusu saa kusuuza chujio lililo tumboni mwa meli? Ni lazima lijisafishe lenyewe, tena ikiwezekana bila kusimamisha kazi.

Machujio ya namna hiyo yapo, na siku hizi yanauzwa hata kwa watu wa kawaida wenye visima na mashamba. Muuzaji atakuambia: "Hii inajisafisha yenyewe, ukishafunga umemaliza." Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo imewahi kuuguza watu mamia kwa maelfu. Tutafika huko. Kama dakika zako zinaisha hapo kafe, shuka moja kwa moja mpaka kwenye maswali matatu ya mwisho.

CHUJIO LINAZIBA VIPI?

Tuanze na kipimo. Matundu ya chujio yanapimwa kwa maikroni. Maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Macho matupu yanaishia kwenye maikroni 40 hivi. Bakteria wengi wana maikroni moja au mbili tu. Kwa hiyo maji yanaweza kung'aa kwenye glasi na bado yakawa na wadudu kibao.

Wengi tunadhani chujio ni matundu tu, yaani kikubwa kinakwama na kidogo kinapita. Mwanzoni ni kweli. Lakini uchafu ukishaanza kukwama unatengeneza tabaka juu ya wavu, na tabaka hilo nalo linaanza kuchuja. Hata chembe ndogo kuliko tundu zinanaswa humo. Ndiyo maana chujio lenye uchafu kidogo mara nyingi linachuja vizuri kuliko lile jipya kabisa. Shika hapo, tutaparudia.

Ubaya ni kwamba tabaka likinenepa, maji yanapita kwa shida. Fundi anayejua kazi anafunga geji mbili za presha, moja kabla ya chujio na nyingine baada yake. Chujio likiwa safi, geji zinasoma karibu sawa. Kadiri linavyoziba, ile ya pili inashuka. Tofauti kati ya geji hizo ndiyo lugha ya chujio, ndiyo namna yake ya kusema "nimeshiba".

Usipolisikiliza, linatokea moja kati ya mawili. Ama maji yanakatika, ama presha inausukuma uchafu mpaka upite upande wa pili, au wavu wenyewe unachanika. Hilo la pili ndilo baya, kwa sababu bomba linaendelea kutoa maji na hakuna anayeshtuka.

ZAMANI: MCHANGA NA KOLEO

Mwaka 1804 huko Paisley, Scotland, John Gibb alijenga chujio la mchanga kwa ajili ya kiwanda chake cha kung'arisha nguo, na maji yaliyozidi akawa anawauzia watu wa mji. Mwaka 1829 James Simpson akajenga kubwa zaidi kwa kampuni ya maji ya Chelsea, London. Mwaka 1852 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za maji za London kuchuja maji ya mto Thames ya matumizi ya nyumbani.

Machujio hayo yalikuwa mabwawa ya mchanga. Maji yanashuka polepole, kiasi cha sentimita 10 mpaka 30 kwa saa. Juu ya mchanga unaota utando wa vijidudu na utelezi, na utando huo ndio unaofanya kazi kubwa: unanasa bakteria na kuwala. Ukiziba, maji yanatolewa, vibarua wanaingia na makoleo, wanakwangua sentimita moja au mbili za juu, kisha chujio linasubiriwa siku kadhaa mpaka utando uote tena.

Je, kazi yote hiyo ilikuwa na faida? Ukweli ulionekana Ujerumani mwaka 1892. Mji wa Hamburg ulikuwa unachota maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Jirani yake, mji wa Altona, ulikuwa unachota mto huohuo, tena upande wa chini, baada ya maji machafu ya Hamburg kumwagwa humo. Ila Altona ilikuwa na machujio ya mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilipoteza watu zaidi ya 8,000. Altona iliguswa kidogo tu. Kuna sehemu miji hiyo ilitenganishwa na barabara moja: upande huu wanaugua, upande ule wazima.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Majira ya baridi yaliyofuata, mwanzoni mwa 1893, Altona nayo ikapata wagonjwa wa kipindupindu. Daktari Robert Koch alipochunguza, akakuta chujio moja lilisafishwa wakati wa baridi kali, mchanga ukaganda, na lilipowashwa tena halikuchuja sawasawa. Yaani chujio lililouokoa mji ndilo lililouponza, na lilifanya hivyo pale lilipotoka kusafishwa.

KUYAGEUZA MAJI NYUMA

Miaka ya 1880 Wamarekani walikuja na njia nyingine, na mwaka 1902 George Fuller akaijenga kwa ukubwa wa kisasa huko Little Falls, New Jersey. Maji yanatiwa kwanza dawa kama shabu. Ndiyo, shabu ileile ambayo bibi zetu walitia kwenye mtungi. Shabu inayakusanya matope yawe mabonge, mengi yanatuama chini, halafu maji yanapita kwenye mchanga kwa kasi ya mita 5 mpaka 15 kwa saa. Hiyo ni mara kumi na zaidi ya kasi ya zamani.

Na kusafisha? Hakuna koleo. Unafunga maji machafu, unasukuma maji safi kutoka chini kwenda juu kwa nguvu. Mchanga unainuka, chembe zinasuguana, uchafu unaelea na kumwagika kwenye mfereji. Mitambo mingi inapuliza na hewa ili msuguano uongezeke. Ni kama kuosha mchele, unavuruga, maji ya juu yanamwagwa, mchele unabaki. Kisha mchanga unatulia na kazi inaendelea. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya siku moja mpaka tatu, na mapema zaidi mvua zikileta matope, jambo ambalo wanaotumia maji ya mto Ruvu wanalijua vizuri.

Hapo ndipo wazo la kujisafisha lilipozaliwa. Vali na mota zikiunganishwa na saa, au na kifaa cha kupima tofauti ya presha, chujio linaanza kujiosha bila mtu kugusa kitu.

AINA UTAKAZOKUTANA NAZO

1. Tangi la mchanga. Ni ile njia ya Fuller lakini ndani ya tangi lililofungwa. Linafaa kwa mabwawa ya kuogelea, visima na mashamba. Linavumilia ukoka na majani yaliyooza. Adui yake ni madonge ya tope yanayojificha mchangani yakioshwa kwa maji kidogo.

2. Wavu wenye mdomo wa kufyonza. Hili ndilo wengi wanalomaanisha wakisema "filta inayojisafisha". Ndani ya bomba nene kuna wavu wa chuma kisichoshika kutu. Uchafu unabaki upande wa ndani. Tofauti ya presha ikifika kiwango kilichowekwa, mara nyingi kama baa 0.5, vali ndogo ya kutolea uchafu inafunguka. Vijimdomo vinavyokaribia wavu vinakuwa vimeunganishwa na hewa ya nje, kwa hiyo presha iliyomo inasukuma maji kutoka upande safi, yanapenya wavu kinyumenyume na kuzama kwenye kijimdomo pamoja na uchafu. Vijimdomo vinazunguka na kusogea mpaka vinapitia wavu wote, kama mtu anayefagia ukumbi kipande kwa kipande. Ni sekunde 10 mpaka 30 hivi. Uzuri wake ni kwamba kinaoshwa kipande kidogo tu kwa wakati, maji yanaendelea kwenda.

3. Wavu wenye brashi au kwangua. Mota inazungusha brashi, uchafu unaanguka chini na kutolewa. Linafaa kwa uchafu mgumu. Kwa vitu vya kunata, brashi inaupaka uchafu badala ya kuuondoa.

4. Visahani. Ni pete za plastiki zenye mifereji midogo, zimepangwa na kubanwa pamoja. Wakati wa kuosha zinalegea na kuzunguka huku zikipigwa na maji. Mara nyingi yanafungwa kadhaa pamoja: moja likioshwa, mengine yanachuja.

5. Utando laini wenye mirija kama tambi. Matundu ni chini ya sehemu ya kumi ya maikroni, kwa hiyo bakteria hawapiti. Unaoshwa kinyume kila nusu saa mpaka saa moja hivi, na mara mojamoja kwa dawa.

Kwenye injini kubwa za meli kuna machujio ya mafuta yanayojiosha kwa njia hizihizi, kwa kutumia mafuta yenyewe badala ya maji. Ila filta ya oili ya gari au bodaboda haimo kwenye orodha. Ile inaziba na kutupwa, asikudanganye mtu.

SHAMBANI NA BAHARINI

Umwagiliaji wa matone ulianza kuuzwa kibiashara Israeli katikati ya miaka ya 1960, na leo uko mashamba ya maua ya Naivasha na ya mboga sehemu nyingi za kwetu. Njia ya maji ndani ya kitoneshi ni nyembamba, mara nyingi milimita moja au chini. Kanuni ya mafundi ni kwamba tundu la chujio liwe kama sehemu ya kumi ya njia hiyo. Kwa hiyo njia ya milimita moja inataka chujio la maikroni 100. Ukikosea hapo, vitoneshi vinaziba kimyakimya, na unajua siku unapoona mstari mzima wa nyanya umekauka.

Baharini nako kuna kazi. Meli ikiwa haina mzigo inajaza maji ya farumi, ambayo mabaharia wanayaita balasti, ili isiyumbe. Inayachota bandari moja na kuyamwaga nyingine, pamoja na mayai, vibuu na vijidudu vya bahari ya huko. Ndivyo kome wa pundamilia walivyofika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980 na kujazana kwenye mabomba ya maji. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia hali hiyo ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika 8 Septemba 2017, na tangu 8 Septemba 2024 meli zinazohusika zinatakiwa zifikie kiwango chake cha usafi wa maji yanayomwagwa. Meli nyingi zimefunga chujio la kujisafisha la maikroni 40 au 50, likifuatiwa na mionzi au klorini. Na angalia ujanja wake: uchafu unaooshwa unarudishwa baharini palepale maji yalipochotwa. Ukichota Mombasa, wadudu wa Mombasa wanabaki Mombasa.

Kumbe suala siyo kuondoa uchafu tu, suala ni unaupeleka wapi. Hapo ndipo tunafika Milwaukee.

MILWAUKEE, 1993

Mji wa Milwaukee, Marekani, unatumia maji ya Ziwa Michigan. Ulikuwa na mitambo miwili ya kisasa, yenye dawa, mchanga, kuosha kinyume na klorini. Mwishoni mwa Machi 1993 maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusini yalianza kuwa na ukungu kuliko kawaida. Watu waliendelea kunywa. Tarehe 7 Aprili wakaambiwa wachemshe. Mtambo ukafungwa, lakini jahazi lilishazama: watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waliugua kuhara, na zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wakiwa na UKIMWI.

Mhusika alikuwa kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu, chenye maikroni 4 mpaka 6. Klorini ya kawaida ya maji ya bomba haimwui. Kwa hiyo kinga karibu yote ilikuwa kwenye chujio, na chujio halikuwa linanasa sawasawa. Isitoshe, mtambo ulikuwa unarudisha maji yaliyooshea machujio yaingie tena mwanzoni. Ni njia ya kubana matumizi, lakini fikiria: kijidudu kilichonaswa jana unakirudisha mlangoni leo. Mwaka 2001 Marekani ilitoa kanuni kwamba maji hayo yakirudishwa ni lazima yapitie hatua zote za usafishaji upya.

Sasa rudi kwenye lile nililosema ulishike. Chujio la mchanga likitoka kuoshwa ndipo liko dhaifu kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu tabaka lake la kunasa limeondoka. Maji ya dakika 15 mpaka 30 za mwanzo huwa na uchafu zaidi. Mtambo makini unayamwaga au kuyarudisha, hauyapeleki kwa watu. Kwa maneno mengine, kila chujio linapojisafisha, linafungua mlango kidogo. Lazima awepo wa kuusimamia.

MASWALI MATATU KABLA HUJATOA HELA

1. Linajiosha kwa nguvu gani? Machujio mengi ya kufyonza yanataka presha ya kama baa 2 wakati wa kuosha. Sasa piga hesabu: urefu wa mita 10 unakupa baa 1 tu. Tangi lako likiwa kwenye mnara wa mita 3, una baa 0.3. Filta hiyo utaifunga, itachuja wiki kadhaa, kisha itaziba na kubaki imeziba, kwa sababu haina nguvu ya kujiosha. Ama ununue pampu, ama ununue chujio la kuosha kwa mkono. Na kama vali zake ni za umeme, uliza umeme ukikatika inakuwaje.

2. Linakula maji kiasi gani, na yanakwenda wapi? Chujio la wavu la kufyonza kwa kawaida linatumia chini ya asilimia 1 ya maji yake. Mitambo ya mchanga inatumia kama asilimia 2 mpaka 5, yaani katika lita milioni moja, lita 20,000 mpaka 50,000 ni za kuoshea. Uliza mfereji uko wapi. Bomba la uchafu likirudi kisimani au kwenye tangi lilelile, umejijengea Milwaukee yako ndogo.

3. Haliwezi kuondoa nini? Hakuna wavu unaoondoa kilichoyeyuka. Chumvi ya visima vya pwani inapita. Floraidi ya visima vya Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa inapita, na ndiyo inayotia meno rangi na kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chujio la maikroni 100 halizuii bakteria hata mmoja. Ni la kulinda vitoneshi na pampu, siyo tumbo lako. Maji ya kunywa bado yanataka kuchemshwa, dawa, au utando laini.

Na hata utando laini unataka mkono wa mtu. Mwaka 2011 nyumba za magharibi mwa Kenya ziligawiwa karibu vichujio 900,000 vya LifeStraw vya kutundika ukutani. Vina matundu madogo yanayozuia bakteria, na vinajiosha, lakini baada ya mwenye nyumba kubonyeza kibofu chake na kufungulia uchafu utoke. Asipobonyeza, kinaziba kama chujio lolote lile.

Kwa hiyo neno "kujisafisha" tulielewe hivi: mashine imechukua kazi ya koleo, haijachukua kazi ya jicho. Ukifunga chujio lako, funga na geji mbili. Andika zinasoma ngapi siku ya kwanza likiwa safi, bandika karatasi hiyo ukutani, na kila wiki nenda ukalinganishe. Tofauti ikikua na haishuki hata baada ya chujio kujiosha, ita fundi kabla chujio halijachanika.

Mliofunga haya madude shambani, kwenye kosha-magari au kwenye visima vya mtaa, tuambieni hapo chini kwenye maoni: presha yenu ni ngapi, na maji ya kuoshea mnayapeleka wapi? Mwenye swali aulize, mafundi humu ndani wapo.